Muiteni aliyeko kwenye benchi

Wadogo zetu wa kliniki, faili jengine limepita mezani: "sonona, fluoksetini 20 mg, arudi baada ya mwezi." Mwezi haukutimia; mgonjwa karejeshwa kwa gari ya mzigo, mikono imefungwa kamba. Tunakupendeni, lakini hili sasa linachosha.

1. Mwenye baipola, maradhi ya hali ya moyo kupanda na kushuka, haji akiwa juu. Akiwa juu yeye mzima, wagonjwa ni nyinyi. Huja akiwa chini, kainama, hali, hataki watu, na mbele yako unaona sonona tupu. Ukimuuliza kama alishawahi kuwa na furaha ya kupindukia atasema hapana, na hakudanganyi: hakuhisi kuwa amezidi, na pengine haikuwa furaha bali hasira. Basi unamwandikia dawa ya sonona peke yake, fluoksetini au vibaya zaidi amitriptilini, bila ya dawa ya kutuliza hali, na wiki chache baadaye anapanda. Hata wenye mvi tunalifanya kosa hili, kwa sababu ileile: foleni ndefu, na anayelala naye nyumba moja tumemwacha nje kwenye benchi. Muiteni. Muulizeni: zilipita siku mfululizo analala saa mbili tatu tu na anaamka hana uchovu? Aliyekosa usingizi kwa dhiki huamka hoi. Wa mania, yaani aliyepanda, utamkuta saa nane za usiku anakoroga saruji. Kisha ulizeni pesa. Za karafuu zilikwenda wapi? Kauza ng'ombe, kagawa, kaposa ghafla? Siku nne za mabadiliko yanayoonekana na wengine ni haipomania, mania ndogo. Wiki nzima, au hali ya kumfanya alazwe, ni mania. Ulizeni na ukoo: yuko mwengine aliyewahi kuugua hivi? Na kujiua kuulizeni waziwazi. Swali halimtii mtu wazo.

2. Malaria, sukari na VVU vipimwe kwanza, khasa anayepanda kwa mara ya kwanza ukubwani.

3. Valproeti, dawa ya kutuliza hali, si ya mwanamke wa umri wa kuzaa. Inadhuru mtoto tumboni. Kabamazepini, ya kazi hiyohiyo, nayo inaua nguvu ya vidonge vya uzazi wa mpango.

4. Shingo imepinda, macho yamekwenda juu, na mama mtu anasoma Ayatul Kursiyu? Msimpinge, lakini jini huyo ni haloperidoli, sindano ya kumtuliza, mliyodunga asubuhi. Mpeni benzheksoli, dawa ya kuondoa mkakamao huo.

5. Lithiamu, nayo ya kutuliza hali: damu ya kupimia kiwango chake itolewe saa 12 baada ya dozi ya mwisho, siku tano hivi tangu kubadili dozi. Kiwango cha kumshikilia mgonjwa ni 0.6 hadi 1.0 mmol/L, kikipita 1.5 ni sumu. Mwili ukikauka, figo huizuia isitoke, kwa hivyo anayefunga, anayeharisha na mvuvi wa juani wako hatarini, na diklofenaki ya maumivu ya dukani huongeza balaa. Kikombe kikianza kumwagika mkononi, akatapika na kuyumba kama mlevi, simamisheni dawa na mpelekeni hospitali siku hiyohiyo. Mazungumzo ya Ramadhani yafanyeni Shaaban, maana daku nalo hukata usingizi, na usingizi ukikatika mania inapata mlango.

6. Mlio Pemba, Kidongo Chekundu, hospitali ya wagonjwa wa akili ya Unguja, iko ng'ambo ya maji. Aliyepanda hapandi boti mpaka atulizwe.

7. Kombe la aya za Kurani anywe, na vidonge ameze. Kamba ndiyo ya kupinga.

"Arudi baada ya mwezi" kwa aliyeanza dawa leo ifuteni. Andikeni wiki moja, na yule wa kwenye benchi aje naye.