Mwanangu, juu ya ile hadithi yako

Mwanangu,

Ile hadithi nimeisoma mara mbili kwa simu, mpaka macho ikaniuma. Ule mama Ursula Le Guin aliiandika 1973, mi nilikuwa ningali mugongoni. Omelas, muji muzima uko na raha, na raha yote inasimama juu ya mutoto mumoja mwenye wamefungia chini ya nyumba, anakula unga ya mahindi na mafuta kidogo, na mutu akimwambia hata neno moja ya huruma, basi, raha ya wote inaisha. Wewe unaniuliza wale wenye wakisha kumuona ule mutoto wanatoka mu muji, wanajiendea peke yao bila kurudia, ni mashujaa ao waoga.

Ngoja kwanza. Mi kitu ilinishika ni ile neno ya huruma.

Mwaka wa tetemeko, 2008, yaya wenu wa Walungu, dada yenu mukubwa, mutoto wa marehemu dada yangu, alikuwa kwetu Kadutu, hapa Bukavu, na miaka 12. Nilisema atasoma mwaka ujao, tumalize kwanza minerivali, pesa ya masomo, yenu nyie watatu, mwaka ujao ukafika, ukapita. Saa kumi ya usiku yeye na bidoni ya maji ya lita 20, nyie mumelala. Mangaribi moja baba yenu anakuuliza saba mara nane, umekwama, unaangalia mabati, na kule jikoni, kwenye yaya alikuwa anatwanga sombe, majani ya muhogo, muchi ukanyamaza ndani ya kinu, yeye akasema pole pole: hamsini na sita. Alikuwa anasikilizaka tu nyuma ya mulango! Baba yenu akacheka. Na mimi nikasema, sombe itaiva saa ngapi? Muchi ukaanza tena.

Kusema "vizuri, mama" haikuomba hata franka moja. Lakini ningelisema, kesho yake ningelimwambia nini juu ya shule?

Nasemaka kila siku, mwenye kula anajua nani alipika. Baba yenu anasema tulimupa chakula na pa kulala, kule kwao watu walikuwa wanalala porini kwa kuogopa wenye bunduki, na ni kweli. Diploma yako nayo iko na maji yake ndani, hiyo pia ni kweli.

Wale wenye waliondoka, ulimi unaniwasha niseme waoga, maana mutoto anabaki pale pale. Lakini mi nilibaki, nikafanya nini? Acha, sikati hayo mashauri.

Yaya wako anatumaka maharagi kila mavuno, anauliza kama umepata kazi. Umupigie. Ya hadithi usimwambie, umuulize tu mutoto wake wa kwanza iko darasa la ngapi.

Mama yako