Stafeli, habbasoda na kemo: kipi kikae siku gani

Msomaji wa Kisauni, Mombasa, ameniandikia kuhusu mamake, anayetibiwa saratani ya matiti na kutiwa dripu ya kemo kila baada ya siku 21. Nyumbani kuna chupa ya mafuta ya habbasoda, majani makavu ya mstafeli, asali, na jirani aliyeahidi kumleta mtu wa hijama. Anauliza: nimruhusu lipi, nimkataze lipi, na daktari nimwambie au ninyamaze?

Mwambie. Tena mwambie kabla ya dripu inayofuata. Mimi sina ugomvi na mitishamba. Vincristine, dawa wanayopewa watoto wenye saratani ya damu, hutokana na Catharanthus roseus, ua dogo la waridi au jeupe linalopandwa kwenye nyua nyingi za Pwani. Paclitaxel, inayotumika sana kwa saratani ya matiti, ilitolewa kwanza kwenye gome la mti. Ila kwenye chupa ya hospitali kipimo kinajulikana kwa miligramu, na kwenye kikombe cha majani hakijulikani. Ua hilo, kwa hakika, msilichemshe: ni sumu.

Mwaka 2017 na 2018 watafiti wa Chuo Kikuu cha Yale walichapisha tafiti mbili ambazo kila familia yenye mgonjwa ingefaa izijue. Ya kwanza iliwatazama waliochagua tiba mbadala peke yake: hatari yao ya kufa ilikuwa mara 2.5 ya waliotibiwa hospitalini, na kwa saratani ya matiti ilipita mara 5. Ya pili iliwatazama waliochanganya, na hao pia hatari yao ilikuwa kama mara mbili. Lakini watafiti walipochimba sababu, wakakuta waliochanganya ndio waliokataa zaidi upasuaji, kemo au mionzi. Hesabu ilipozingatia kule kukataa na kuchelewa, tofauti ya maana haikubaki. Kilichowapunguzia maisha ni ile "nitarudi kliniki nikishamaliza dozi ya babu". Hili linaniuma, kwa sababu uvimbe uliokuwa wa kukatwa na kwisha huja tena ukiwa umeshapanda kwenye ini.

Sasa chukueni kalenda ya ukutani. Siku ya dripu iandikeni 1, mhesabu mpaka 21. Kwa dawa nyingi za kemo, kati ya siku ya 7 na ya 14 chembe nyeupe za damu huwa chini kabisa, na zile za kugandisha damu nazo hushuka. Mambo mengi ya nyumbani yanaamuliwa na hesabu hiyo.

Hijama, au kuumikwa chuku kama wasemavyo wazee, ni kuchanja ngozi. Mwenye nyutrofili, aina ya chembe nyeupe za damu, chini ya 1,000 hana askari wa kutosha kupambana na vijidudu vitakavyopita kwenye chale hizo, na mwenye chembe za kugandisha damu chini ya 50,000 anaweza kuvuja asikauke. Kwa hivyo wakati wa kemo, hapana. Hata baada ya matibabu, mama aliyetolewa tezi za kwapani asichanjwe mkono wa upande ule kabisa, maana maji huweza kujaa mkono ukavimba maisha. Anayetaka kukandwa na akandwe polepole kwa viganja, bila kugusa uvimbe, mahali penye mfupa ulioingiliwa, wala mguu uliovimba ghafla, kwa sababu huenda mna damu iliyoganda.

Tangawizi ina ushahidi. Katika utafiti mmoja mkubwa wa Marekani wa mwaka 2012, wenye wagonjwa 576, kichefuchefu kilipungua zaidi kwa waliopata nusu gramu hadi gramu 1 kwa siku, na gramu moja na nusu haikuwashinda. Walianza siku 3 kabla ya dripu wakaendelea siku 6 kwa jumla, huku wakimeza dawa za hospitali za kuzuia kutapika. Kwa unga mkavu wa soko la Marikiti, nusu kijiko cha chai kilichosawazishwa ni karibu gramu 1: robo asubuhi, robo jioni, baada ya kula. Wanaokosea ni wale wanaongoja mpaka kutapika kuanze, au wanaoacha vidonge vya hospitali wakidhani tangawizi inatosha. Mwenye kutumia warfarin, dawa ya kuzuia damu kuganda, au aliyeambiwa chembe za kugandisha damu zimeshuka, aulize kwanza.

Kuna na mbano wa mkono wa kutuliza kichefuchefu, hauna gharama. Weka vidole vitatu vya mgonjwa mwenyewe, cha shahada, cha kati na cha pete, juu ya mkunjo wa kifundo cha mkono upande wa ndani. Kidole cha pete kikae kwenye mkunjo; chini ya ukingo wa kidole cha shahada, kilicho mbali zaidi na mkunjo, katikati ya kano mbili, bonyeza kwa kidole gumba dakika 2 au 3, mara kadhaa kwa siku. Tumieni mkono usiofanyiwa upasuaji.

Uchovu wa kemo hautibiwi kwa kulala kutwa. Kinachousaidia kuliko kinywaji chochote cha chupa ni kutembea: dakika 30, mara 3 kwa wiki, kwa mwendo wa mtu kuweza kuzungumza lakini asiweze kuimba, na mara 2 kwa wiki kunyanyua chupa za maji za nusu lita. Aanze na dakika 10. Kwa joto letu, atoke saa kumi na mbili asubuhi, ufukweni Mama Ngina au barazani kwake. Siku ya homa, kizunguzungu au kifua kubana, hakuna mazoezi. Na mwenye saratani ya mifupani aulize daktari ni mazoezi gani hayatamvunja.

Vidonda vya mdomoni: kijiko 1 cha chai cha chumvi na kimoja cha baking soda katika lita 1 ya maji yaliyochemshwa yakapoa. Asukutue na kutema baada ya kila mlo na kabla ya kulala, na kila asubuhi mchanganye upya. Msitie magadi ya mawe, yale ya kuivishia maharagwe. Anayedungwa 5-FU, aina moja ya kemo, kwa mpigo mmoja anaweza kumumunya barafu, kuanzia dakika 5 kabla na kuendelea nusu saa. Iwe ya maji yaliyochemshwa, si ya mtungi wa mkokoteni. Lakini anayepewa oxaliplatin, kemo ya aina nyingine, asiguse barafu, wala dafu la friji, kwa siku kadhaa: baridi humshika koo na kumtia ganzi vidoleni.

Na ile chupa ya habbasoda? Matokeo mazuri yanayosambazwa kwenye simu mengi ni ya seli za maabara. Kwa watu, utafiti mdogo ulionyesha inapunguza kazi ya kimeng'enya CYP2D6, na hicho ndicho kinachoigeuza tamoxifen, kidonge cha saratani ya matiti, iwe na nguvu mwilini. Mama akiandikiwa tamoxifen, vijiko vya kila siku viachwe. Chembe chache juu ya mkate si tatizo. Stafeli lenyewe ni tunda. Chai ya majani yake ya kila siku ndiyo ninayoikataza, kwani mmea huo umehusishwa na kutetemeka na kukakamaa kwa watu wa visiwa vya Guadeloupe, huko Karibi, na paclitaxel peke yake tayari hutia mishipa ya fahamu ganzi. Shubiri huharisha na kupoteza potasiamu. Balungi huvuruga vidonge vingi. Vitamini zenye foliki asidi huzidisha madhara ya capecitabine, vidonge vya kemo. Kabla ya upasuaji, dawa zote za mitishamba zisimame wiki 2.

Ukifika wakati wa mionzi, sehemu inayopigwa isipakwe liwa, singo wala mafuta ya manukato. Ngozi ile inaungua, na kusugua hufuta alama walizochora mafundi za kulengea mashine. Asali ina nafasi kwa wenye saratani ya kichwa na shingo, ndani ya mdomo pasichubuke: katika majaribio walitumia mililita 20, dakika 15 kabla ya mionzi, dakika 15 baada yake, na tena baada ya saa 6. Mwenye kisukari asianze bila idhini, na meno yasafishwe.

Dua na kisomo havigongani na dawa yoyote. Kombe la zaafarani nalo halina neno, mradi maji yamechemshwa na hakuna unga mwingine uliotiwa ndani.

Kwa daktari, iwe hospitali ya serikali ya Makadara au ya kibinafsi, msiende na jina la "dawa ya Kiarabu". Bebeni chupa yenyewe, na daftari lenye kiasi, siku ya kuanza, na sababu. Muulizeni: "Kipi hapa kinagongana na dawa zake?" Akiwa na haraka, mfamasia wa hospitali huwa na nafasi zaidi. Maumivu yakizidi, Mombasa Hospice wanajua kuyatuliza.

Nunueni pia kipimajoto. Kikisoma 38 au zaidi, msimfukize mwarobaini, wala msimpe Panadol kabla ya kupima, maana hufunika homa. Nendeni hospitali usiku huo huo, na neno la kwanza mlangoni liwe: "Yuko kwenye kemo, dripu ilikuwa tarehe fulani."