Nilikuwa namshtaki mdogo wangu kwa Mungu nikidhani namwombea

Bwana Yesu asifiwe wapendwa. Nina muda nataka kuandika kuhusu maombezi, na naomba nianzie kwenye kosa langu mwenyewe maana hapo ndo nilipojifunzia.

Mdogo wangu wa kiume anakunywa. Alianza enzi za viroba, zile pombe kali za pakiti ndogo, vilipopigwa marufuku mwaka 2017 akahamia kwenye vingine, mnywaji hakosi cha kunywa. Alikuwa na bajaji ya mkataba, akawa hapeleki hesabu, mwenyewe akaja kuichukua, mke akarudi kwao na mtoto, na yeye akarudi kulala chumba cha uani kwa mama. Mimi ni dada mkubwa na ni mtu wa kanisani kwa hiyo nikaona hili ni langu la kuombea, na kweli niliomba, mikesha ya Ijumaa sikukosa, nilifunga, nilipaza sauti mpaka inakauka. Ila ungesimama karibu yangu ungesikia nasema hivi: Bwana unamwona huyu, unaona anavyomliza mama, unaona ameuza mpaka redio ya mama, mkomeshe Bwana, mkomeshe. Miaka miwili naomba hivyo. Nilikuwa nasoma mashtaka, na shahidi ni mimi mwenyewe.

Afu nikampeleka kwenye grupu la maombi la WhatsApp. Niliandika kila kitu, jina lake, mke kuondoka, redio, chumba cha uani. Watu wakajibu Amina Amina, ikajaa mikono ya kuomba. Siku mbili tu ile meseji ikawa imefika kijiweni kwake, kuna mtu alimuonyesha kwenye simu. Akanipigia. Nilitegemea matusi, hakutukana, alisema tu, "Dada, kumbe ndo unavyoniombea," akakata. Miezi saba hakupokea simu yangu.

Nilichanganyikiwa. Nikaenda kwa bibi mmoja wa jumuiya yetu, mtu wa Kagera, wazazi wake waliokoka kwenye ule uamsho wa zamani uliotokea Rwanda na Uganda. Wanaoujua wataikumbuka ile habari ya mwaka 1929, daktari Mwingereza Joe Church aliyekuwa hospitali ya Gahini kule Rwanda, amechoka na kazi imemshinda, anafika Kampala na kwenye kilima cha Namirembe anakutana na Simeoni Nsibambi, Mganda, wakakaa pamoja siku mbili wanasoma Biblia na kuomba. Hawakuwa na spika wala jukwaa. Wote wawili walikuwa wanajiona wamepungukiwa. Baada ya hapo ikawa watu wanatubu hadharani, wanarudisha vitu walivyoiba, wanaombana msamaha Mzungu na Mwafrika, moto ukavuka mpaka ukafika Bukoba mwishoni mwa miaka ya 1930. Bibi anasema nyumbani kwao ulikuwa huruhusiwi kutaja dhambi ya mwenzako kwenye maombi kama hujataja ya kwako kwanza.

Nilimkuta Jumamosi mchana kakaa barazani anachambua mchele, ungo uko mapajani. Nikamweleza yote nikilia. Hakuacha kuchambua, akaniuliza,

"Amekula leo?"

Nikasema sijui mama.

"Anapenda kula nini?"

Hilo nilijua, dagaa wa kukaanga na ugali wa dona, toka tukiwa wadogo.

"Analala kwenye godoro au analala chini?"

Sikujua. Nyumbani kwa mama nilikuwa naenda karibu kila wiki na kile chumba cha uani sikuwahi kuingia.

Akasema, "Sasa mwanangu unamwombea nani? Maana huyu unayenisimulia ni pombe tu, mtoto wa mama yako sijamsikia bado."

Afu akaanza kuomba hapo hapo, macho wazi, kidole kinaendelea kutoa vijiwe na kuvisogeza pembeni ya ungo. Sauti ya chini kabisa. Akasema, Bwana, sisi watoto wako tuna kiu, na tumekunywa visivyofaa. Yaani alisema SISI. Yule bibi hajawahi kuonja pombe maisha yake yote, na mimi moyoni nikawa najibu jamani mbona mimi sinywi, halafu hilo jibu likanichoma, maana nikaona nimesimama pale pale aliposimama yule Farisayo wa Luka 18, nashukuru kuwa mimi si kama huyu.

Nilirudi nyumbani nikafungua Danieli sura ya 9. Huyu ni mtu ambaye maadui zake walimchunguza wakakosa pa kumshika, lakini anapowaombea watu wake hasemi wamefanya dhambi, anasema tumefanya dhambi. Nehemia hivyo hivyo, sura ya kwanza, anajihesabu yeye na nyumba ya baba yake. Musa naye kwenye Kutoka 32 anafika mbali zaidi, anasema kama huwasamehei basi na mimi nifute kwenye kitabu chako. Miaka yote nasoma hizo sura na sikuwahi kuona kuwa hawa watu waliingia upande wa wakosaji kabla ya kufungua mdomo. Naamini hapo ndipo unyenyekevu wa mwombezi ulipo. Siyo kupiga magoti tu wala kusema kwa upole. Ibrahimu alijiita mavumbi na majivu na bado akabembeleza Sodoma toka watu 50 mpaka 10, bila kuona aibu kurudia.

Sasa ninavyofanya siku hizi. Naamka saa kumi na moja alfajiri kabla ya pilika za maji na watoto, nina daftari dogo na majina 7, sizidishi, nilijaribu 40 nikawa nasoma kama mahudhurio ya darasani. Kila jina najiuliza kwanza nini nakijua kuhusu huyu mtu wiki hii, na kama sina jibu basi hiyo ndo kazi yangu ya mchana, nimpigie simu, nipite, niulize. Dakika 20 inatosha kabisa. Kuna asubuhi maneno hayaji, nataja jina na kunyamaza, na sijioni nimeshindwa maana Warumi 8 inasema wazi hatujui kuomba jinsi itupasavyo na Roho mwenyewe anatuombea kwa kuugua.

Mambo ya magrupu naomba muwe makini sana. Usipeleke jambo la mtu bila ruhusa yake. Andika tu "naomba mnisaidie kumwombea ndugu yangu", inatosha, Mungu anamjua mpaka namba ya nyumba. Na ukimjibu mtu "nakuombea", omba pale pale kabla hujafunga simu, sentensi mbili tu, kwa sababu ikipita hapo wengi wetu tunasahau na ile ahadi inageuka uongo. Na mtu akikutajia kiasi cha kutoa ndipo akuombee, ondoka.

Kuna kingine nilijifunza kwa sababu ya kuanza kuuliza. Maombi yangu yote yalikuwa aache leo leo, ghafla. Muuguzi mmoja ndo akanifungua macho kwamba mtu aliyekunywa sana kila siku kwa miaka akikata ghafla anaweza kupata kutetemeka, kuona vitu visivyokuwepo, degedege, hata kufa, kwa hiyo anatakiwa asimamiwe na watu wa hospitali. Nilinyamaza kabisa. Nilikuwa naomba kitu ambacho kingeweza kumuua, na Mungu kwa huruma yake hakunipa. Kwa hiyo kama una mlevi nyumbani, mwombee na umpeleke kwa daktari, hivyo viwili havigombani.

Kuhusu kungoja nina mtu mmoja ananishika mkono, Monika, mama yake Augustino yule mwalimu mkubwa wa kanisa la zamani, Mwafrika mwenzetu, watu wa Thagaste ambayo leo ni Algeria. Alimlilia mwanae miaka mingi. Kuna usiku mmoja kule Karthago kijana anataka kupanda meli kwenda Italia, mama hataki, akamdanganya kuwa haendi, mama akaingia kwenye nyumba ya ibada karibu na bandari akaomba usiku kucha asiondoke. Kulipokucha meli ilishaondoka. Ukisimama hapo ufukweni na yule mama unasema ombi limegonga mwamba. Kumbe ni huko Italia, Milano, ndiko alikokutana na askofu Ambrosi, na ni huko alikobatizwa Pasaka ya mwaka 387. Monika alifariki mwaka huo huo, ameshaona. Mimi huwa nafikiria ile asubuhi ya ufukweni kuliko ile ya ubatizo, kwa sababu mimi bado niko ufukweni.

Na mdogo wangu, najua mtauliza. Baada ya ile Jumamosi nilikaanga dagaa, nikasonga dona, nikaenda kugonga kile chumba. Alikuwa analala chini, juu ya maboksi. Nilimwomba msamaha, na nilishaandika msamaha kwenye grupu pia. Hakusema amenisamehe, alikula akanirudishia sahani. Wiki iliyofuata nikapeleka godoro. Tukawa tunaongea kidogo kidogo. Amekwenda kliniki mara mbili na mara mbili amerudi kwenye pombe, sitawaficha, ila siku hizi zipo siku anakaa bila kunywa na mtoto wake ameanza kuja kumwona Jumapili.

Mwezi uliopita nikiwa kwa mama akaja akakaa pembeni yangu, kimya kwa muda. Akasema kuna mwenzake wa kijiweni ini limeharibika, tumbo limejaa maji, ndugu zake wamemchoka.

"Dada, mwandike kwenye lile daftari lako. Ila usimpeleke kwenye grupu."

Nikachukua kalamu, nikamuuliza jina, afu nikamuuliza kama huyo mwenzake amekula leo.

"Amekula," akasema. "Nimetoka kumpelekea uji."