Gari linalia "wiii" nikikanyaga mafuta: ni giaboksi?

SWALI: Habari fundi. Nina Toyota Noah ya mwaka 2003, otomatiki. Mwezi huu imeanza kulia "wiii" nyembamba kila nikikanyaga mafuta. Nikiongeza inapanda, nikiachia inashuka. Fundi wa mtaani kaizungusha mara moja akasema giaboksi imekufa, nitafute nyingine. Wiki ijayo nataka kwenda nayo Dodoma na familia. Naomba ushauri. Msomaji, Morogoro.

JIBU: Ndugu yangu, usinunue giaboksi bado. Otomatiki iliyochoka huwa na dalili zake: unaweka D gari linakawia kushika, linapiga kishindo likibadili gia, au injini inapiga kelele na mwendo hauongezeki. Hujataja hata moja. Kuangusha giaboksi kwa sababu ya mlio tu ni kutupa hela.

Kwanza tujue mlio unafuata injini au unafuata tairi. Simamisha gari mahali tambarare, vuta hendibreki, weka P, piga resi taratibu mpaka mshale wa mizunguko ya injini ufike 2,500 hivi. Ikilia hapo hapo, kinacholia kinazunguka pamoja na injini. Beringi za tairi na difu zimeshatoka kwenye kesi. Kwenye giaboksi inabaki pampu yake ya ndani, ambayo nayo huzunguka gari likiwa limesimama, kwa hiyo pima oili ya gia kabla ya kumlaumu mtu. Oili ikipungua, pampu hiyo hulia.

Kama ukiwa P ni kimya na barabarani ndiyo inalia, sikiliza unapokata kona ndefu. Mlio ukizidi ukikata kushoto, shuku beringi ya tairi ya kulia, maana uzito unahamia huko. Ukizidi ukikata kulia, ni ya kushoto.

Lakini kwa maelezo yako, mimi naanzia mbele ya injini, kwenye mkanda na vitu unavyovizungusha: alteneta (inayochaji betri), pampu ya stelingi, pampu ya maji, kompresa ya AC, tenshena (kinachokaza mkanda) na puli zake.

Stelingi ni rahisi kuijua. Injini ikiwa sailensa, yaani inaunguruma bila kukanyaga mafuta, zungusha usukani kushoto na kulia. Mlio ukipanda kila unapozungusha, fungua kopo la mafuta ya stelingi. Yakiwa chini ya alama, au yana povu, pampu inavuta hewa; tafuta paipu inayovuja au klipu iliyolegea, usiishie kuongeza tu. Toyota nyingi za umri huo hutumia ATF (oili ya giaboksi za otomatiki) aina ya Dexron II au III, ila soma kifuniko kwanza. Mafuta ya breki yasiguse humo kabisa, yanaharibu sili zote.

Alteneta ndiyo ninayoishuku zaidi. Washa taa kubwa na feni ya AC kwa pamoja. Mlio ukibadilika au ukizidi, umeikaribia. Weka mita ya volti kwenye betri injini ikiwaka: inatakiwa isome kati ya volti 13.5 na 14.5. Ikiwa "wiii" hiyo hiyo inasikika hadi kwenye spika za redio, huenda dayodi ya alteneta imeharibika.

Kisha chukua bisibisi ndefu. Weka ncha kwenye bodi ya alteneta, mpini ubonyeze kwenye mfupa ulio mbele ya sikio. Hamia kwenye pampu ya stelingi, halafu kwenye boliti ya katikati ya tenshena. Beringi mbovu utaisikia inakwaruza, na nzima inavuma tu. Mikono, mikono ya shati na vitambaa vyote vikae mbali na mkanda na feni. Nimeona vidole vikienda kwa uzembe huo.

Uthibitisho wenyewe ni kuzima injini, kuvua mkanda, na kuwasha tena kwa sekunde 20 au 30 tu, kwa sababu pampu ya maji nayo itakuwa imesimama. Mlio ukipotea, kosa lipo kwenye vitu vya mkanda. Zima, kisha zungusha kila puli kwa kidole. Iliyokufa utaihisi ina mchanga ndani, au inacheza ukiitikisa.

Ikiwa ni alteneta, si lazima ununue nzima. Mpelekee fundi umeme wa magari aifungue na kubadilisha beringi. Namba imeandikwa ubavuni mwa beringi yenyewe, nenda nayo duka la spea. Dai ile ya zamani uione kwa macho yako.

Neno moja kuhusu CVT, yaani otomatiki inayobadili mwendo bila hatua za gia. Noah za umbo hilo zipo zenye gia za kawaida na zenye CVT, kwa hiyo hakikisha yako ni ipi. CVT ina mvumo wake kidogo hata ikiwa nzima, na inataka oili yake maalumu. Anayetaka kukuwekea ATF ya kawaida humo, mkatalie.

Kuhusu Dodoma: kama chanzo ni beringi ya alteneta, tenshena au pampu ya maji, usiondoke kabla ya kutengeneza. Beringi ikijam njiani hukata mkanda, na mkanda mmoja ukikatika, kuchaji na kupooza injini vyote vinaondoka kwa mpigo, uko katikati ya kilomita 260 na watoto ndani. Kazi hii fundi anaimaliza ndani ya siku moja, na wewe una wiki nzima.