Kabla ya kulipia ukaguzi, uliza nyumba ilijengwa lini

Nyumba yetu ya kwanza hapa Leicester, England, tuliinunua bila kuikagua, na mimi nikijua imekaguliwa. Benki ilitutoza ada ya tathmini, mtu wao akaenda, mkopo ukapita. Kumbe tathmini ile ni ya benki: wanataka kujua kama nyumba inatosha kuwa dhamana ya hela zao. Paa likivuja, shauri yako.

Miezi michache baadaye akaja fundi wa makabati ya jikoni. Akagonga dari, akanyamaza, kisha akauliza, "Bosi, dohani ya hapa ilikwenda wapi?" Chumbani kwetu juu, nguzo ya matofali ya dohani, ile ya kutolea moshi, ilikuwepo, imepanda mpaka paani. Jikoni mwenye nyumba wa zamani alishaivunja, apate pa kuweka friji. Fundi akatoboa dari tukachungulia na tochi. Matofali yote yale yamekalia mbao mbili za sakafu, chuma hakuna. Usiku ule familia nzima tulilala sebuleni.

Mara ya pili nilikuwa nimeshajifunza. Wakaguzi wa RICS, chama cha kitaalamu cha wakaguzi wa nyumba hapa Uingereza, wana madaraja matatu ya ukaguzi. La 1 ni la juujuu, linafaa nyumba mpyampya. La 2 ni la nyumba ya kawaida, isiyo kongwe sana, yenye hali nzuri, na ndilo wengi wanalolichukua kwa kuwa bei inavumilika. La 3 ni la nyumba ya zamani, au iliyovunjwavunjwa ndani, au ambayo wewe mwenyewe una mpango wa kuivunja. (Usichanganye na alama 3 ndani ya ripoti, hiyo maana yake kuna jambo zito, lishughulikiwe haraka.)

Nyumba za safu za enzi ya Malkia Victoria, ambazo wengi wetu ndizo tunazozimudu, mimi sizipeleki daraja la 2. Kuta zake nyingi hazina uwazi katikati, na zilijengwa kwa chokaa. Akija mtu kuziba kwa saruji, unyevu unakosa pa kutokea, plasta inaanza kumenyuka. Mtu wa Lamu au Unguja Mjini hili halihitaji kuelezwa.

Uskochi mambo ni tofauti, ripoti ya mkaguzi kwa kawaida huagizwa na muuzaji.

Mpigie mkaguzi kabla hajaenda, umwambie kinachokutia wasiwasi. Mimi nilisema moja kwa moja: angalia dohani. Na ujue hata wa daraja la 3 hapimi nyaya za umeme. Huyo ni fundi mwingine, na hela nyingine. Ripoti ikija, mpigie tena. Ya kwangu ilikuwa ndefu mno, ila kwenye simu alisema, "Dohani salama. Tatizo ni paa la nyuma."

England, kabla ya kubadilishana mikataba hujafungwa na kitu. Nikaomba bei ishuke. Muuzaji alinuna wiki nzima, kisha akapunguza, na hela ile ndiyo iliyoezeka paa la nyuma.