Kanuni za Mabango Zikirekebishwa, Peleka Vipimo

Dada mmoja mwenye duka la vitambaa Malindi ameniandikia akitaka ushauri, kwa kuwa amesikia kwamba kanuni za mabango ya biashara zitarekebishwa. Barua yake imenikuta na furaha, kwani pendekezo langu kuhusu vibao vya vichochoroni hapa Lamu limeingizwa katika rasimu ya kanuni za kaunti yetu, tena kwa maneno yale yale niliyoyaandika.

Furaha hiyo nimeihangaikia. Kibao changu cha kwanza, kilichochongwa kwa mbao za mbambakofi na fundi anayechonga milango, kiling'olewa ilhali risiti ya ada ninayo, kisha nikarudishiwa kikiwa kimepasuka. Karani aliniambia kwamba hakikutimiza urefu kutoka ardhini unaotakiwa barabarani. Nilipomuuliza ni barabara ipi, ilhali mbele ya duka langu hapiti ila punda na mahamali, aliendelea kuandika bila kuinua uso. Wakati huo huo mabango ya plastiki yalikuwa yakining'inia juu ya kuta za chokaa, wala hayakuguswa. Hadi leo jambo hilo linaniuma.

Nilianza kusoma. Katiba ya 2010, katika Jedwali la Nne, imezipa kaunti mamlaka ya kudhibiti matangazo ya nje. Na mji wetu wa kale, ulioorodheshwa na UNESCO mwaka 2001 kuwa urithi wa dunia, unaangaliwa pia na Makumbusho ya Taifa ya Kenya, kwa hiyo kibao kimoja chaweza kuhusu ofisi mbili.

Katika mkutano wa kutoa maoni, karibu kila aliyesimama alilalamikia ada. Mimi nilikuwa nimepima, katika Usita wa Mui, njia kuu ya mji wetu wa kale, kimo cha hamali mwenye gunia kichwani na upana wa punda aliyebeba mawe, nikapendekeza kwamba kibao kitokezacho ukutani kiwe juu ya kimo hicho, kiwe cha mbao au chuma kilichopakwa rangi, na kisifunike nakshi za mlango wala daka, yaani kibaraza cha mlangoni. Tuache kwenda mikutanoni kunung'unika, jamani. Manung'uniko hayaandikiki kuwa kifungu cha kanuni.

Wewe, dada yangu, usinakili vipimo vyangu. Malindi kuna lami na tuktuk, na mabango mengine yameandikwa Kiitaliano kwa ajili ya wageni. Pima kile anachokiona dereva na anachokigonga mpita njia. Omba pia kwamba mabango yaliyokwisha kulipiwa yapewe muda kabla ya kanuni mpya kuyabana, kwa sababu jambo hilo husahauliwa na wale wasio na duka. Andika yote katika ukurasa mmoja, utoe nakala mbili, na usiondoke ofisini kabla nakala yako haijagongwa muhuri wenye tarehe.