Jibu: Vipeperushi na picha za maandamano ya gesi

Mdogo wangu, umeuliza ufanye nini na vipeperushi na picha za maandamano ya gesi ya Mtwara, yale ya kupinga bomba la kupeleka gesi Dar es Salaam, ulizoachiwa na kaka yako. Kwanza, usivipeleke kuwekewa plastiki! Joto la mashine huigandisha plastiki kwenye karatasi, na haiondoki tena. Weka kwenye bahasha, mbali na unyevu; pwani yetu hii unaijua. Nyuma ya kila picha andika kwa penseli mahali, tarehe na aliyepiga. Tarehe ndiyo roho: maandamano ya Desemba 2012 si vurugu za Mei 2013. Za Mei linganisha na Taarifa Rasmi ya Bunge (kumbukumbu za mijadala yake), siku ya bajeti ya Nishati na Madini, 22 Mei 2013, vurugu zilipozuka. Nyuso za watu usizirushe mtandaoni bila ridhaa yao, wengine walishtakiwa.